Ngome Fupi na Njia ya Kurudi: Mwongozo kwa Anayetunza Seva Voi na Taita Taveta

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa seva ya shule, zahanati, Sacco au ofisi ndogo katika Kaunti ya Taita Taveta, pengine kwa sababu tu ulionekana unajua kompyuta kuliko wenzako. Nachukulia kwamba una mashine moja inayoendesha FreeBSD, yenye kadi mbili za mtandao, iliyokaa kati ya ofisi na mtoa huduma wa intaneti, na kwamba ngome yake (firewall) ni pf. Programu hiyo ilitoka kwanza na OpenBSD mwaka 2001 na ikaingizwa rasmi katika FreeBSD mwaka 2004. Kama una Linux yenye nftables, amri zitabadilika lakini mpangilio wa kazi ni ule ule. Nimechagua pf kwa sababu faili la kanuni zake husomeka karibu kama sentensi za kawaida, na kusomeka ndiko kutakakotushughulisha zaidi hapa.

Anza na jiografia. Voi imekaa kwenye barabara kuu na reli ya Mombasa hadi Nairobi, kwa hiyo mji haukosi intaneti ya kasi. Lakini fundi anayeijua kazi hii kwa undani mara nyingi yuko Mombasa, kilomita 150 hivi, au Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Seva ikiwa Taveta, ongeza kilomita 100 na ushee kutoka Voi. Ikiwa Wundanyi, kuna mlima wa kupanda. Ubaya wenyewe ni kwamba siku ya shida, kinachoharibika ndicho hicho hicho ambacho fundi wa mbali angekitumia kukufikia. Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia: ngome inayofaa katika mazingira haya ni ile ambayo mtu aliye karibu nayo anaweza kuisoma yote kwa dakika kumi, na ambayo haiguswi kabla ya njia ya kurudi kuandaliwa. Wingi wa kanuni na ukali wa mbinu huja baadaye, na mara nyingi hauhitajiki kabisa.

"Sisi ni wadogo, nani atatuvamia?"

Pingamizi hili husikika sana, nalo lina mantiki kwa anayedhani kwamba mvamizi humchagua mhanga wake kwa jina. Hali haiko hivyo. Anwani zote za IPv4 duniani ni kama bilioni 4.3, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap na kuonyesha kwamba kompyuta moja yenye kiungo cha gigabiti inaweza kubisha poti moja kwenye anwani zote hizo kwa chini ya dakika 45. Anayebisha hajui kama wewe ni benki au shule ya bweni ya Mwatate, wala hana haja ya kujua. Anatafuta nenosiri dhaifu, akishalipata anaitumia mashine yako kutuma barua taka au kuwavamia wengine. Udogo wako haukufichi. Unachokupa ni nafuu nyingine: huduma unazotoa kwa watu wa nje ni chache au hakuna kabisa, kwa hiyo unaweza kufunga karibu kila kitu bila kumkera mtu.

Kuna jambo la kukagua kabla ya kufunga au kufungua chochote. Angalia anwani ambayo mtoa huduma amekupa upande wa nje, ambao kadi yake hapa naiita em0:

    ifconfig em0

Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, huna anwani ya umma; unashiriki moja na wateja wengine ndani ya mitambo ya mtoa huduma. Hali hii ni ya kawaida kwa modemu za simu na kwa vifurushi vingi vya bei nafuu. Athari zake ni mbili. Kwanza, hakuna kanuni yoyote utakayoiandika itakayomwezesha mtu aliye nje kuifikia seva yako moja kwa moja. Ukitaka hivyo, lipia anwani ya umma, au funga njia ya siri kwa WireGuard hadi kwenye seva ndogo ya kukodi. Pili, jihadhari na kanuni za kunakili zinazozuia "anwani za binafsi" upande wa nje. pfSense, kwa mfano, huja na kizuizi hicho kikiwa kimewashwa. Kwako wewe kinaweza kuzuia trafiki halali inayotoka kwenye mtandao wa mtoa huduma wako, ukahangaika kutwa nzima ukitafuta kosa ambalo hukuliandika wewe.

Faili la kanuni, lote

Hili hapa ni faili zima la `/etc/pf.conf` kwa ofisi isiyotoa huduma yoyote nje. Badilisha majina ya kadi na anwani yalingane na zako.

    nje = "em0"
    ndani = "em1"
    ofisi = "192.168.10.0/24"
    msimamizi = "192.168.10.5"

    set skip on lo0
    scrub on $nje all max-mss 1452
    nat on $nje inet from $ofisi to any -> ($nje)

    block log all
    pass out all
    pass in on $ndani inet from $ofisi to any
    block in log on $ndani inet proto tcp from any to self port 22
    pass in on $ndani inet proto tcp from $msimamizi to self port 22

Katika pf, kanuni ya mwisho inayolingana na paketi ndiyo inayoamua, isipokuwa umeandika neno `quick`. Kwa hiyo soma kutoka juu kwenda chini hivi: zuia kila kitu na uandike kumbukumbu, ruhusu kinachotoka, ruhusu watu wa ofisi waingie kwenye ngome ili wapite kwenda nje, wazuie wasiingie kwenye mashine yenyewe kwa SSH, kisha mruhusu msimamizi mmoja. Majibu ya mazungumzo yaliyoanzishwa kutoka ndani hurudi yenyewe kwa sababu pf huyakumbuka. Ndiyo maana huoni mstari wowote wa kuruhusu majibu, na anayeuongeza huwa anafungua mlango asioujua.

Mabano kwenye `($nje)` yanastahili maelezo. Yanaiambia pf iangalie anwani ya kadi hiyo kila wakati. Bila mabano, pf huisoma anwani mara moja tu faili linapopakiwa. Mtoa huduma akikubadilishia anwani usiku, asubuhi ofisi nzima haina intaneti ilhali ngome inaonekana nzima. Namba 1452 nayo ni kwa ajili ya viungo vya PPPoE, ambako paketi hubanwa kidogo. Ikikosekana, dalili yake huwachanganya wengi: ping inafanya kazi, kurasa ndogo zinafunguka, lakini kurasa kubwa na viambatisho vya barua pepe vinakwama katikati. Kama unatumia PPPoE, kumbuka pia kwamba upande wa nje hautakuwa em0 bali kadi ya kubuni kama `tun0` au `ng0`.

Usiweke jina la kikoa mahali pa anwani ndani ya faili hili. Stima ikikatika kisha ikarudi, seva huenda ikawaka kabla ya kifaa cha faiba kumaliza kujiunga na mtandao. Wakati huo pf inalisoma faili, inakuta jina, inaliuliza, haipati jibu, na inalikataa faili zima. Katika mpangilio wa kawaida wa FreeBSD, pf isiyo na kanuni hupitisha kila kitu. Kosa la mstari mmoja limekuacha wazi kabisa, na hakuna atakayeona tofauti. Andika namba.

Kuiwasha:

1. Kaa mbele ya seva yenyewe, na skrini na kibodi. Usifanye hatua hizi mara ya kwanza kwa SSH, kwani kuiwasha pf hukata mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea.
2. Kagua uandishi bila kupakia: `pfctl -nf /etc/pf.conf`. Kimya maana yake hakuna kosa la uandishi. Haimaanishi kwamba kanuni zinafanya ulichokusudia.
3. Washa huduma ziwe za kudumu: `sysrc gateway_enable=YES pf_enable=YES pflog_enable=YES`
4. Zianzishe: `service routing restart`, kisha `service pflog start`, kisha `service pf start`.
5. Ona kilichopakiwa kweli: `pfctl -sr` kwa kanuni, `pfctl -sn` kwa tafsiri ya anwani.
6. Zima mashine, iwashe tena, na urudie hatua ya 5. Ngome ambayo haijawahi kupimwa baada ya kuwashwa upya haijapimwa.

Njia ya kurudi kabla ya kwenda

Ajali nyingi za ngome husababishwa na msimamizi mwenyewe: amebadilisha mstari mmoja akiwa mbali, akajifungia nje, na sasa ni yeye na nauli ya matatu. Dawa yake ni kuiagiza seva irudi ilikotoka yenyewe endapo hutaizuia. Utaratibu huu uufuate hata kwa badiliko unaloliona dogo, maana madogo ndiyo yanayofanywa kwa haraka.

1. Nakili faili linalofanya kazi: `cp -p /etc/pf.conf /etc/pf.conf.jana`
2. Hariri, kisha kagua kwa `pfctl -nf /etc/pf.conf`.
3. Agiza kurudi: `echo "/sbin/pfctl -f /etc/pf.conf.jana" | at now + 5 minutes`
4. Pakia: `pfctl -f /etc/pf.conf`
5. Bila kufunga dirisha ulilo nalo, fungua dirisha jipya la SSH. Kisha mwombe mwenzako wa ofisini afungue ukurasa ambao hajaufungua leo.
6. Vyote vikifanya kazi, tazama namba ya agizo kwa `atq` na ulifute kwa `atrm` ikifuatwa na namba hiyo.
7. Visipofanya kazi, usiguse kitu. Subiri.

FreeBSD hukagua maagizo ya `at` kila baada ya dakika tano, kwa hiyo kurudi kunaweza kuchukua karibu dakika kumi. Usianze safari mapema. Hatua ya 5 nayo ndiyo inayorukwa zaidi. Kupakia kanuni mpya hakukati mazungumzo yaliyokwisha kukubaliwa, kwa hiyo dirisha lako la zamani litaendelea kuishi hata kama kanuni mpya zimekufungia nje. Mtu huona linafanya kazi, hufuta agizo la kurudi, hufunga dirisha, na hapo ndipo mlango unapojifunga. Dirisha jipya tu ndilo ushahidi.

Seva ikitumia ZFS, una njia ya kurudi kwa mfumo mzima pia. Kabla ya kusasisha, andika `bectl create kabla`, kisha `freebsd-update fetch install`. Mambo yakiharibika, `bectl activate kabla` na kuwasha upya vinakurudisha ulipokuwa. Hii haichukui nafasi ya nakala rudufu zilizo nje ya mashine, kwa sababu diski ikifa inakufa na mfumo pamoja na njia hiyo ya kurudi.

Kuhusu SSH, tumia funguo na uzime manenosiri. Katika `/etc/ssh/sshd_config` wengi huweka `PasswordAuthentication no` na kuondoka wakiwa wameridhika. Kwenye FreeBSD hiyo haitoshi, kwa kuwa nenosiri linaweza kuulizwa kupitia njia ya pili. Ongeza `KbdInteractiveAuthentication no`, kagua kwa `sshd -t`, kisha `service sshd reload`. Na hapa pia: dirisha jipya kabla ya kufunga la zamani.

Mtandao ukikwama: ngome iwe ya mwisho kushukiwa

Desturi iliyoenea ni kuizima ngome ili "kuona kama ndiyo yenye shida". Kwenye mashine ya aina hii jaribio hilo linadanganya. Amri ya `pfctl -d` haizimi kanuni za kuzuia peke yake. Inazima pia tafsiri ya anwani inayoiwezesha ofisi nzima kutumia anwani moja ya nje. Ukiizima, ofisi itakatika hata kama ilikuwa nzima, nawe utahitimisha kwamba ngome haina lawama kwa kuwa shida imebaki, au utaanza kufukuza shida mpya uliyoitengeneza wewe. Umepoteza ulinzi na hujajifunza lolote. Kwa hiyo panda kutoka chini, ngazi kwa ngazi, na usipande ngazi inayofuata kabla ya kuimaliza uliyopo:

1. Waya na stima. `ifconfig em0`, tafuta neno `active`. Ukiona `no carrier`, acha kompyuta na ushike kebo.
2. Anwani na njia. Je, kadi ya nje ina anwani? `netstat -rn` inaonyesha mstari wa `default`?
3. Jirani. Pigia ping anwani ya huo mstari wa `default`. Usipopata jibu usihukumu bado, kwani watoa huduma wengine hawajibu ping.
4. Dunia kwa namba. `ping 9.9.9.9`
5. Dunia kwa jina. `drill kenic.or.ke`. Namba zikijibu na majina yasijibu, shida ni ya majina, na ngome haihusiki.
6. Saa. `date`. Usicheke, maelezo yako chini.
7. Diski. `df -h`. Diski iliyojaa huua huduma kimya kimya.
8. Huduma. `sockstat -l`. Programu inasikiliza kweli, na kwenye anwani iliyokusudiwa?
9. Ngome. `tcpdump -n -e -ttt -i pflog0`, kisha mwombe mwenye shida ajaribu tena huku ukitazama. Paketi yake ikizuiwa, mstari utaonekana pamoja na namba ya kanuni iliyoizuia. `pfctl -vvsr` itakuonyesha kanuni hiyo ni ipi.

Baada ya hapo kuna jaribio linalomaliza ubishi na mtoa huduma. Fungua madirisha mawili, moja likitazama `tcpdump -n -i em1`, jingine `tcpdump -n -i em0`, na mtu mmoja wa ofisini apigie ping anwani moja ya nje. Paketi ikiingia em1 isitoke em0, kosa ni lako. Ikitoka em0 na jibu lisirudi, piga simu kwa mtoa huduma, umpe saa na anwani. Jibu likirudi em0 lakini lisifike em1, rudi kwako. Simu yenye maelezo hayo hujibiwa tofauti na simu ya "net haifanyi".

Kujua mpaka huo kuna thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwingineko katika ukanda huu. Siku kama hiyo, anayepanda ngazi atafika ya 4 na ya 5, aone kwamba baadhi ya mambo ya hapa nchini yanajibu huku ya ng'ambo yakisuasua, na ataacha mashine yake ilivyo. Tofauti hiyo ina sababu: trafiki ya mitandao ya Kenya inayobadilishana katika KIXP jijini Nairobi haina haja ya kupita baharini. Asiyepanda ngazi atawasha upya rauta, atabadilisha kanuni, atarudisha nyingine, na kebo zitakapotengenezwa atabaki na ngome iliyoharibika kwa juhudi zake mwenyewe.

Stima ikirudi

Kukatika kwa stima si tukio la ajabu la kupangia siku moja. Ni sehemu ya kazi. Mnamo Agosti 25, 2023 giza lilienea karibu nchi nzima, na likarudi tena mwezi wa Novemba na Desemba mwaka huo huo. Seva isiyojua kuamka yenyewe inamtegemea mtu mwenye funguo za ofisi. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya ubao mama na uiamuru mashine iwake pindi stima inaporudi. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa zibaki zimezimwa. Unganisha UPS na seva kwa kebo ya data, na usakinishe programu ya NUT ili mashine ijizime kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha. UPS isiyo na kebo hiyo inaahirisha tu mzimiko wa ghafla kwa dakika chache.

Sasa saa. Mashine kuukuu zina betri ndogo kwenye ubao mama inayotunza saa zikiwa zimezimwa. Ikifa, stima ikirudi seva inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza, kwa hiyo kila tovuti salama inaonekana kuwa na cheti kisicho halali, masasisho yanakataa, na anayetazama anasema intaneti imekatika. Washa ntpd kwa `sysrc ntpd_enable=YES ntpd_sync_on_start=YES`, maana bila sehemu ya pili ntpd huona pengo ni kubwa mno na kujiondokea. Kisha nunua betri. Ni ya bei ya soda chache.

Joto na vumbi navyo visisahaulike. Wundanyi mlimani hewa ni baridi, lakini Voi kuna joto karibu mwaka mzima, na vumbi lile lile jekundu linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo huziba feni za seva. Kwenye vichakataji vya Intel, `kldload coretemp` na kisha `sysctl dev.cpu.0.temperature` hukupa kipimo. Andika kipimo cha siku ya kawaida ili ujue siku isiyo ya kawaida. Mashine inayojizima saa nane mchana kila siku huwa haijavamiwa na mtu.

Pingamizi zilizobaki

Kuna wanaosema, na hawasemi upuuzi, kwamba kazi yote hii ingehamishiwa kwenye seva za kukodi nje ya ofisi na kuachana na chumba chenye vumbi. Kwa tovuti na barua pepe nakubaliana nao kabisa. Lakini orodha ya wagonjwa inayohitajika mezani sasa hivi, au hesabu za Sacco siku ya malipo, zikikaa mbali hazifikiki kiungo kinapokatika, na Mei 2024 ilituonyesha kwamba kiungo hukatika mahali ambapo hakuna mtu wa Voi awezaye kupafikia. Isitoshe, hata ukihamisha kila kitu bado ofisi itakuwa na kompyuta, na kompyuta hizo zitahitaji lango lenye ulinzi.

Wengine hupendekeza kununua kisanduku chenye kurasa za kubofya. Si wazo baya: pfSense na OPNsense zimejengwa juu ya FreeBSD na pf, na ujuzi wa mwongozo huu unafaa humo bila kupotea. Tahadhari yangu ni kwamba kurasa za kubofya hurahisisha kuongeza kanuni kuliko kuzielewa. Baada ya muda kanuni zinajaa, hakuna anayekumbuka ipi iliwekwa kwa ajili ya nani, na kila mmoja anaogopa kufuta. Ukitumia kisanduku hicho, jaza sehemu ya maelezo ya kila kanuni: nani aliiomba, kwa nini, na lini ifutwe.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba ngome fupi haitoshi dhidi ya shambulio la kweli. Ni sahihi kwa aina moja ya shambulio. Mwishoni mwa Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa kwa mafuriko ya maombi, huduma za serikali zikakwama, na kundi linalojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Mafuriko ya namna hiyo yakielekezwa kwako, yanajaza kiungo chako kabla hata ya kuifikia ngome, na kanuni elfu moja hazitakusaidia kuliko hizi chache. Pa kuyazuia ni kwa mtoa huduma, naye utampata haraka kama namba yake ya dharura imeandikwa ukutani.

> KISANDUKU: Ukishuku umevamiwa
>
> Ng'oa kebo ya nje, usizime mashine. Kuzima kunafuta ushahidi ulio kwenye kumbukumbu ya muda.
>
> Nakili `/var/log` kwenye diski ya nje kabla ya kusafisha chochote. Andika saa ulipogundua.
>
> Usijaribu kuisafisha mashine na kuendelea kuitumia. Jenga upya kutoka nakala rudufu ya kabla ya uvamizi, badilisha funguo na manenosiri yote.
>
> Kama data za watu zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na zinaweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka taasisi imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu igundue. Mwambie mkuu wako siku hiyo hiyo. Saa zinahesabiwa hata wikendi.

Orodha ya kubandika karibu na seva

Ichapishe kwenye karatasi. Faili lililo ndani ya seva halisomeki seva ikiwa imekufa.

☐ `/etc/pf.conf` yote, yenye tarehe ya badiliko la mwisho na jina la aliyeibadilisha
☐ Anwani ya kadi ya nje na ya ndani, na kebo ipi inaingia wapi (zibandike lebo)
☐ Namba ya simu ya mtoa huduma na namba ya akaunti yenu
☐ Ngazi tisa za uchunguzi
☐ Hatua saba za kubadilisha kanuni
☐ Tarehe ambayo nakala rudufu ilirejeshwa kwa majaribio na ikafunguka
☐ Tarehe ya mwisho ya `freebsd-update` na ya kubadilisha betri za UPS
☐ Jina la mtu wa pili anayejua kuingia, na mahali ufunguo wake ulipo

Mstari wa mwisho ndio mgumu kuujaza, kwa sababu unadai umkalishe mwenzako mbele ya mashine. Mpe karatasi, mwombe azime seva na kuiwasha, kisha apande ngazi tisa huku wewe ukiwa chumba cha pili na simu imezimwa. Pale atakapokwama, irekebishe karatasi.